Mume Wangu, Ndege, na Posa Kutoka Ulyankulu

Mume wangu alipostaafu kazi ya reli, watu walimshauri afuge kuku. Yeye akaamua kutazama ndege wasiofugwa. Alinunua darubini ya mtumba mnadani, yenye jicho moja zima na jingine lenye ukungu, akaweka kiti nyuma ya nyumba yetu hapa Cheyo, na kuanza kazi mpya isiyo na mshahara wala likizo.

Mwanzoni nilifurahi. Mwanamume aliyezoea kupokea treni na kuziruhusu ziondoke, akikaa bure nyumbani, huanza kumpangia mkewe ratiba ya jikoni. Heri ndege. Uani kwetu kuna mtende mzee, na watu wa mtaani husema mitende ya Tabora ilitokana na kokwa za tende zilizotemwa na watu wa misafara. Kwera wameufanya mtaa wao, wale ndege wadogo wa njano wanaosuka viota na kupiga kelele kama wapo sokoni. Kwenye mpera kuna shorewanda. Kwenye maua ya migomba wanakuja chozi, wale wadogo wanaofyonza asali ya maua. Kunguru wenye kola nyeupe wanatembea uani kama wametumwa kukagua. Mzee alijifunza majina yote. Akiona kitu kipya ananiita, nami nakwenda na mwiko mkononi, naangalia, nasema "ala!", narudi kwenye sufuria.

Shida ilianza pale alipoacha kuwatazama ndege na kuanza kuwaelewa.

Kila ndege akawa na somo kuhusu binadamu. Njiwa walikuwa somo la ndoa yenye utulivu. Nilimwambia huyo dume anayemsifu amemkimbiza jike juu ya bati letu tangu asubuhi, naye akasema hayo ni mapenzi. Kunguru walikuwa somo la walanguzi. Lakini somo lake kubwa, alilolitoa hata getini kwa kanisa letu la Moravian baada ya ibada, lilikuwa la aina.

"Mungu kaumba chozi, kaumba na mwewe," alikuwa akisema. "Kila mmoja ana mdomo wake na chakula chake. Nani kati yenu amewahi kuona chozi ameolewa na mwewe?"

Watu walicheka na kukubali. Kwani nani amewahi kuona?

Hali ikiwa hiyo, binti yetu wa mwisho, anayefundisha sekondari huko Isikizya, alikuja nyumbani Jumapili moja. Alisubiri tumalize kunawa. Alikuwa amevaa gauni ambalo halivai hivihivi tu, nami kama mama nilijua kuna jambo kabla hajafungua mdomo.

"Baba, kuna mtu anataka kuja kujitambulisha."

"Mtu wa wapi?"

"Ni bwana kilimo, yuko halmashauri. Tumefahamiana muda sasa, ni mtu mtaratibu sana..."

"Sijauliza anafanya nini. Nimeuliza wa wapi."

"Wa Ulyankulu, Baba."

Kwa masikio ya Tabora jibu hilo linajieleza lenyewe. Ulyankulu ndiko yalikowekwa makazi ya familia zilizokimbia vita Burundi. Walifyeka pori, wakalima, wakajenga makanisa, wakazaa, na wengi wao ni raia kama mimi na wewe. Kijana mwenyewe alikuwa amezaliwa hukohuko na hajawahi kuiona Burundi. Mahindi tuliyokuwa tunakula mchana ule, sina hakika, lakini huenda yalitoka kwao.

Mume wangu aliliweka tonge chini.

"Mkatoliki?"

"Ndiyo, Baba."

Akanawa, ingawa hakuwa amemaliza kula, akatoka nje. Mezani tukabaki mimi na binti yangu. Baada ya muda akatuita kwa sauti ya furaha, kama mtu aliyepata alichokuwa anatafuta. Tukaenda. Alikuwa anaelekeza kidole kwenye mtende.

"Angalieni wenyewe. Mti mzima, njano na njano. Hakuna aliyewafundisha."

"Na yule wa kijani?" binti akauliza.

Kulikuwa na ndege mmoja wa kijani kinachong'aa, ametulia pembeni, anawatazama kwera wakisuka. Mume wangu akachungulia kwa lile jicho zima la darubini, na uso wake ukachangamka.

"Huyo ni kekeo! Hana kiota. Anavizia mwenye nyumba akitoka, anataga lake humo, anaondoka. Maskini mwenye nyumba analea mtoto asiye wake mpaka anamzidi ukubwa. Umeiona hatari yenyewe?"

"Baba," binti alisema, "huyu mtu anakuja kunioa. Haji kutaga."

Ilibidi niingie ndani. Nilicheka peke yangu jikoni mpaka nikashika meza.

Lakini jioni ile, tulipokuwa tunakunywa chai, kicheko kilikuwa kimeisha na kuna kitu kingine kilikuwa kimekaa mahali pake. Mimi ni Muha. Nilizaliwa Kasulu. Mume wangu alinikuta nikifundisha shule ya msingi karibu na stesheni moja ya njia ya Kigoma, akanileta Tabora na begi langu moja. Nilikaa miaka mingi kwa mama yake nikisikia Kinyamwezi kikizungumzwa juu ya kichwa changu.

"Mzee," nikamuuliza, "mimi ni ndege gani?"

"Wewe?"

"Mimi. Maana nami si njano."

Alifikiri. Nasema kweli, alifikiri kwa dhati, kikombe kikiwa hewani.

"Wewe," akasema kwa upole, "umeshakuwa Mnyamwezi."

Alilisema kama anayetoa zawadi. Niliipokea, sikujua niiweke wapi.

Wageni walikuja kuposa baada ya mavuno. Alikuja baba mdogo wa kijana, mtu mrefu mwenye kofia aliyoivua mlangoni na kuishika magotini muda wote, pamoja na mshenga wao, katekista. Mume wangu alivaa suti ya kustaafia. Aliwapokea vizuri, maana kuwakaribisha watu anajua. Ni kuwakubali ndiko kulikokuwa kunamshinda. Soda zikaja, karanga zikaja, hali ya mvua ikajadiliwa hadi ikaisha.

Mshenga alieleza shida yao kwa maneno ya mzunguko, kama inavyotakiwa: wameona ua katika bustani hii, na kadhalika. Mume wangu akajibu kwamba ua ni jambo la kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa sisi ni watu wa hapa, tuna mizizi yetu, na mtu hupenda kujua mizizi ya mwenzake.

Baba mdogo aliinamisha kichwa. "Ni kweli, mzee wangu. Sisi mizizi yetu inajulikana, hata serikali iliiandika. Lakini na mimi nipate faida. Hii familia imekuwa Tabora tangu lini?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini hilo ni swali ambalo mume wangu halikatai, hata akiamshwa usingizini. Akajiegemeza kwenye kiti.

"Tangu zamani sana! Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi, amebeba pembe kutoka hapa mpaka pwani. Mtu wa nguvu kwelikweli. Safari moja akaenda upande wa pili, akavuka ziwa, akafika Manyema, huko Kongo. Akarudi na mke. Bibi yangu huyo! Alifika hapa hajui neno hata moja la Kinyamwezi, alikuwa anapika samaki wa ajabu ajabu, na wifi zake walikuwa hawali chakula chake, lakini babu akasema..."

Hapo alinyamaza.

Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jikoni, na nilimwona wakati anayasikia maneno yake mwenyewe. Habari hiyo nimesimuliwa tangu siku za uchumba. Huisimulia misibani na harusini, na sijawahi kumwona akikwama hata mara moja.

"Babu akasemaje?" katekista akauliza. Masikini, alikuwa anataka tu kujua mwisho.

"Akasema asiyetaka kula akapike kwake," mume wangu akajibu polepole.

Baba mdogo alitabasamu kidogo, akaigeuza kofia yake. "Alikuwa mtu wa maana," akasema. Basi. Hakuongeza kitu. Angetaka angeweza kuongeza, na mimi ningemwongezea soda.

Mume wangu alikohoa, akasema jibu litatolewa baada ya sisi pia kwenda kuwaona kwao. Walipoondoka alikwenda kwenye kiti chake nyuma ya nyumba na akakaa huko hadi giza, ingawa giza likiingia hakuna ndege.

Tulikwenda Ulyankulu kwa gari la kukodi, mimi, yeye na dereva. Barabara ya Urambo ndiyo njia ileile waliyopita watu wa misafara kwenda Ujiji, ila sasa ina lami na matuta. Mume wangu alikaa mbele na darubini shingoni. Tulipoacha lami na kuingia porini, tairi likapasuka. Dereva akatoa jeki, sisi tukashuka, tukasimama kwenye kivuli cha miyombo.

Pori lilikuwa kimya kama nyumba iliyohamwa. Halafu ghafla miti ikajaa ndege. Walikuja wote pamoja, kundi zima, wakipita kutoka mti hadi mti kama watu wanaotoka kanisani. Mimi si mtaalamu, lakini hata mimi niliona hawakuwa wa aina moja. Kulikuwa na wadogo wa kijivu waliokuwa wanachokonoa majani. Kulikuwa na kigogota akipiga gome. Kulikuwa na weusi na weupe wenye pete ya njano kuzunguka jicho, wakisogea kwa kikundi chao katikati ya kikundi kikubwa. Juu kabisa alikaa mramba, mweusi tii, mkia umegawanyika. Kila mmoja alikula sehemu yake: huyu gome, huyu majani, huyu wadudu waliorushwa na wenzake. Hakuna aliyemfukuza mwingine.

Mume wangu aliinua darubini. Hakuishusha mpaka dereva akawa anakaza nati za mwisho.

"Hawa," akasema kwa sauti ndogo, "wanatembea pamoja."

"Naona."

"Aina zote hizi." Akaendelea kutazama. "Hii ni kwa sababu ya ulinzi. Macho mengi yanaona mbali." Nikamwona ananyooka mgongo, sauti inaanza kupata nguvu, na nikajua somo linazaliwa. "Kumbe ndivyo Mungu alivyopanga, mke wangu! Kila mmoja na kipaji chake, lakini safari moja. Ndiyo maana mimi siku zote nasema..."

Kabla hajafikia alichosema siku zote, mramba akapiga ukelele mkali. Ndege wote wakatawanyika na kujificha. Hapakuwa na mwewe, hapakuwa na nyoka. Mramba akashuka taratibu, akaokota panzi mnene aliyeachwa na mmoja wa waliokimbia, akarudi juu kula.

"Umemwona mlinzi wako?" nikamuuliza.

Alinitazama, akatazama mti. "Kila jamii ina mkorofi wake," akasema, akaingia ndani ya gari.

Kwao kijana tulipokewa kwa heshima ambayo ilinifanya nione haya. Walikuwa wamefagia hadi barabarani. Kijana mwenyewe alitupa shikamoo akiwa ameinama sana, na alipotunawisha alimwagia maji mara mbili mkono uleule. Pale ndipo nilipompenda. Bibi yake alikuwa amekaa kwenye mkeka, mdogo kama mtoto, rozari mkononi. Tulipoketi, wenyeji walizungumza nasi kwa Kiswahili, na wao kwa wao kwa Kirundi.

Watu wasiojua hawajui: Kiha na Kirundi ni kama nyumba mbili zenye ukuta mmoja. Nilikuwa nasikia kila neno. Nilimsikia bibi akimuuliza mwanawe, kwa sauti aliyodhani ni ya chini, kama hawa Wamoravian wanabatiza kwa maji au kwa maneno tu. Nilimsikia shangazi mmoja akisema Wanyamwezi ni watu wazuri lakini wanaongea mno, na kwamba huyu mzee mwenye mitambo shingoni inaelekea anawachunguza. Nilimsikia bibi akihema na kusema, basi, kama mtoto amependa, tutafanyaje, angalau angeleta mtu anayefanana na sisi.

Kwa hiyo na wao walikuwa na masomo yao. Na wala hawakuhitaji darubini.

Ningeweza kukaa kimya nikasikiliza zaidi. Kulikuwa na dalili kwamba yanayokuja yangekuwa matamu. Lakini nikamgeukia bibi, nikamwamkia kwa Kiha, nikamwambia tunabatiza kwa maji, tena mengi.

Nyumba ililipuka. Shangazi alifunika uso kwa kanga. Baba mdogo alicheka hadi kofia ikaanguka. Bibi alinishika mkono, akaniuliza ni mtoto wa wapi, nikamwambia Kasulu, akapiga makofi na kuwaambia wote kwamba kumbe binti si mgeni, kumbe wanaoa nyumbani! Akanivuta nikakaa naye mkekani. Akaniita mwanangu. Tulizungumza mambo ya maharage, ya mihogo, ya namna ugali wa Tabora unavyokosa ladha, na maneno yalinitoka mdomoni ambayo sikuwa nimeyatamka tangu mama yangu afariki.

Nilifurahi mno. Na katikati ya furaha hiyo nikaona ninachofurahia: nimekubaliwa kwa sababu mimi ni njano na wao ni njano. Binti yangu, ambaye hajui neno la Kiha zaidi ya salamu, alikuwa amepita mtihani kwa mgongo wangu. Mwezi mzima nilikuwa nimemnunia mume wangu kwa somo lake la mtende, na sasa nimekaa kwenye tawi, nasuka, nalia kama kwera wengine. Wala sikutaka kushuka.

Nilipoinua macho nilimwona yeye. Amekaa peke yake kwenye kiti cha heshima, kinywaji mkononi, na lile tabasamu la mtu asiyeelewa ambaye anataka aonekane anaelewa. Nalijua tabasamu hilo. Nililivaa kwa mama yake mpaka mashavu yakawa yanauma.

"Wanasema nini?" akaninong'oneza nilipopita karibu.

"Wanasalimia tu," nikamjibu.

Ndilo jibu alilokuwa ananipa mimi enzi hizo. Sikupanga kulitumia. Lilikuwa limekaa tu mahali, linasubiri. Niliposhuhudia namna alivyoitikia kwa kichwa, akaamini, akaendelea kutabasamu, nilirudi nikavuta kigoda karibu yake, na nikaanza kumtafsiria kila kitu, hata lile la Wanyamwezi kuongea mno. Alisikiliza. Hakujitetea.

"Wamesema kweli," akasema. Na siku ile hakuongea tena sana, isipokuwa pale alipoombwa jibu. Akasimama akasema tumekubali, akakaa. Sijawahi kumsikia akitoa hotuba fupi namna ile.

Mambo mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Makanisa mawili yalibishana kwa adabu, paroko akatoa ruhusa ya ndoa mseto, kwaya yetu ikakubali kuimba mradi isishindanishwe na kwaya yao, kisha zikashindana waziwazi. Getini kwa kanisa, mume wangu alianza kuwaambia watu kuhusu ndege wa porini wanaosafiri pamoja, na kwamba yeye jambo hili la kuchanganyika amelisimamia tangu mwanzo. Watu walicheka na kukubali, kama walivyokubali lile la chozi na mwewe. Habari ya mramba hakuigusa.

Lakini majuma machache kabla ya harusi, asubuhi moja alipokuwa ananyoa ndevu, aliniita bafuni. Nilidhani ameona ndege dirishani.

"Nifundishe salamu ya kwenu," akasema, povu likiwa bado shavuni.

Tulikuwa na wajukuu tayari, kutoka kwa watoto wetu wakubwa, na hajawahi kuniuliza hivyo. Nikamfundisha. Ulimi wake ulikuwa mzito, silabi alizipindua, sauti aliipandisha pa kushusha. Nilimrekebisha, akarudia, akakosea upya mahali pengine. Kila asubuhi alifanya mazoezi mbele ya kioo, na nilikuwa namsikia nikiwa nachota maji, akijisalimia mwenyewe kwa uzito mkubwa.

Siku ya sherehe, ukumbini Ulyankulu, mshereheshaji alimwita baba wa bibi harusi atoe neno. Alisimama katika suti yake, akashika maikrofoni, akatazama meza ya wakwe, akavuta pumzi, na kwa sauti kubwa na safi akatamka kitu ambacho si Kiha, si Kirundi, wala si Kinyamwezi. Kwa nilivyosikia mimi, alikuwa anauliza kama ng'ombe wamelala vizuri.

Binti yangu alinitazama kutoka meza ya juu, macho makubwa. Mimi nilitazama sahani yangu. Kisha bibi, pale mbele alipokuwa amekalishwa, akainua mkono wenye rozari na kumwitikia kwa sauti kwamba wamelala vizuri, tunashukuru, na wa kwenu je? Ukumbi mzima ukaitikia nyuma yake.

Mume wangu alikaa, jasho linamtoka, anang'aa kwa furaha.

"Wamenielewa," akaniambia.

"Wamekuelewa," nikasema, nikamsogezea maji.